Savitribai Phule, mwalimu aliyembeba mgonjwa wa tauni mgongoni

Kila asubuhi mwalimu huyu alitoka nyumbani na sari mbili. Moja aliivaa, ya pili aliikunja na kuiweka kwenye mfuko. Njiani, katika vichochoro vya mji wa Pune, magharibi mwa India, watu walimrushia matope, kinyesi cha ng'ombe na mawe. Akifika shuleni alijifuta, akabadili nguo, akaingia darasani. Wakati wa kurudi aliivaa tena ile iliyochafuka, kwa sababu waliomchafua asubuhi walikuwa bado wako barabarani.

Kosa lake lilikuwa kuwafundisha watoto wa kike kusoma. Alikuwa na umri wa miaka 17.

Jina lake ni Savitribai Phule. Nchini India watoto wa shule wanalijua. Huku kwetu ni wachache wanaolifahamu, ingawa mambo aliyohangaika nayo maisha yake yote si mageni kwa mzazi wa Afrika Mashariki: binti kuozwa kabla hajakua, mimba inayofichwa mpaka mtoto anatupwa, na mgonjwa anayekimbiwa na majirani zake mwenyewe.

Bibi harusi wa miaka tisa

Savitribai alizaliwa Januari 3, 1831, katika kijiji cha Naigaon, wilaya ya Satara. Wazazi wake walikuwa wakulima wa tabaka la Mali, watu wa bustani na maua. Katika mfumo wa matabaka wa Wahindu, ambao mtu anaupata kwa kuzaliwa na hautoki mpaka anakufa, Wamali walihesabiwa katika kundi la chini. Juu kabisa walikuwa Wabrahmin, wenye dini na elimu mikononi. Chini kabisa, nje ya ngazi zote, walikuwa watu kama Wamahar na Wamang, ambao hata kivuli chao kilionekana kuwa ni najisi.

Mwaka 1840 aliozwa. Alikuwa na miaka tisa, na mume wake, Jotirao Phule, alikuwa na miaka 13. Kwa wakati ule na mahali pale hilo halikumshangaza mtu. Binti alienda kwa mumewe hajui kusoma wala kuandika, kama ilivyokuwa kwa karibu wanawake wote wa mkoa ule, wa tabaka la juu na la chini. Wengi waliamini kwamba mwanamke akisoma, mume wake atakufa mapema.

Ndoa za utotoni hazina cha kusifiwa, na hii isisomwe kama mfano wa kwamba "mbona nyingine zinafaulu". Savitribai alibahatika kwa jambo ambalo mabinti wengi hawalipati. Jotirao alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya wamisionari wa Kiskoti mjini Pune, na alichojifunza kule alirudi nacho nyumbani. Alianza kumfundisha mke wake, pamoja na Sagunabai, ndugu yake wa ukoo ambaye ni mjane aliyemlea Jotirao baada ya kufiwa na mama yake akiwa mdogo. Wanawake wawili, mmoja kijana na mwingine mtu mzima, wakajifunza herufi za Kimarathi pamoja.

Baada ya kusoma nyumbani, Savitribai alipata mafunzo ya ualimu. Alisoma katika chuo kilichoendeshwa na mmisionari wa Kimarekani, Cynthia Farrar, mjini Ahmednagar, na katika shule ya walimu ya Pune. Kwa hiyo mtu anayeitwa leo mwalimu wa kwanza wa kike wa India ya kisasa hakuanza kazi kwa kubahatisha. Alikuwa na mafunzo, jambo ambalo walimu wengi wanaume wa shule za vijijini wakati huo hawakuwa nalo.

Shule ya Bhidewada

Mwaka 1848 Savitribai, Jotirao na Sagunabai walifungua shule ya wasichana katika nyumba moja ya Pune iitwayo Bhidewada, mali ya rafiki yao. Ndiyo inayohesabiwa kuwa shule ya kwanza ya wasichana nchini India iliyoanzishwa na Wahindi wenyewe, siyo na wamisionari. Wanafunzi wa mwanzo hawakufika kumi. Walitoka matabaka tofauti na waliketi chumba kimoja, na hilo peke yake lilitosha kuwakasirisha watu.

Mtumishi wa shule aliyekuwa akimsindikiza Savitribai alisimulia miaka mingi baadaye jinsi mwalimu huyo alivyokuwa akiwajibu waliomrushia uchafu. Aliwaambia kwamba yeye anawafundisha dada zake, na kwamba wanachomtupia anakipokea kama maua. Inasimuliwa pia kwamba siku moja mwanamume alimzuia njiani na kumtisha, naye akampiga kofi mbele za watu. Baada ya hapo njia ikawa na amani kidogo.

Vita vya barabarani vilimfuata mpaka nyumbani. Wazee wa dini walimwendea baba mkwe wake, Govindrao, wakamwambia kwamba mkwewe anauaibisha ukoo. Mzee akalemewa. Mwaka 1849 aliwaambia mwanawe na mkwewe wachague: ama waache shule, ama waondoke nyumbani. Waliondoka. Aliyewapokea ni Muislamu, Usman Sheikh, rafiki wa Jotirao, akawapa mahali pa kuishi na kufundishia. Katika familia hiyo alikuwemo Fatima Sheikh, anayekumbukwa kama mwenzake Savitribai katika ufundishaji. Kumbukumbu zilizobaki kumhusu Fatima ni chache mno, lakini jina lake limo katika barua ya Savitribai ya mwaka 1856. Savitribai alikuwa mgonjwa kwa wazazi wake, na akaandika kwamba bila shaka kazi imemwelemea Fatima, ila yeye si mtu wa kunung'unika.

Ndani ya miaka minne shule zilikuwa zaidi ya moja, na wasichana walihesabiwa kwa mamia. Gazeti moja la Pune liliandika mwaka 1852 kwamba shule za Phule zilikuwa na wasichana wengi kuliko wavulana waliokuwa katika shule za serikali, na kwamba sababu ni ufundishaji bora. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliitunuku familia hiyo heshima hadharani. Lakini heshima haikulipa gharama. Shule ziliendeshwa kwa michango, na mchango unapokauka mwalimu ndiye wa kwanza kufundisha bila malipo. Mwaka 1855 waliongeza shule ya usiku kwa wakulima na vibarua, watu waliorudi kutoka shambani jua limezama na ndipo wapate nafasi ya kushika kalamu.

Matokeo ya kazi hiyo yanaonekana vizuri zaidi kwa mwanafunzi mmoja. Mukta, binti wa tabaka la Wamang, aliandika insha kuhusu mateso ya Wamang na Wamahar, ikachapishwa gazetini mwaka 1855. Alikuwa bado mtoto. Alihoji dini gani hiyo ambayo kundi moja lina ruhusa ya kuisoma na jingine halina hata ruhusa ya kuitazama. Zamani, mtu wa jamii yake hakuruhusiwa kupita mbele ya jumba la mazoezi.

Savitribai naye aliandika. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi, Kavya Phule, kilitoka mwaka 1854, akiwa na miaka 23.

Barua kwa mume

Zimebaki barua tatu alizomwandikia Jotirao. Kwa anayetaka kumjua mwanamke huyu nje ya sanamu na picha za ukutani, barua hizo ndizo pa kuanzia.

Ya kwanza ni hiyo ya Oktoba 1856. Kaka yake alikuwa amemkaripia: wewe na mumeo mmetengwa na jamii, mnawahudumia Wamahar na Wamang, mnatia doa ukoo. Mama yao alikuwa akisikiliza. Savitribai alimjibu kaka yake kwamba yeye anawapapasa mbuzi na ng'ombe wake kwa mapenzi, siku ya sikukuu ya nyoka anawapa nyoka maziwa, lakini binadamu wenzake anawaona najisi. Je, ana sababu gani? Kwa mujibu wa barua hiyo, kaka mtu alinyamaza kwa aibu.

Ya pili, ya Agosti 1868, ina habari ya hatari zaidi. Kijana wa Kibrahmin aitwaye Ganesh alikuwa amependana na Sharja, binti wa Kimahar, na binti alikuwa na mimba ya miezi sita. Wanakijiji waliwakamata, wakawazungusha mitaani huku wakiwapiga, wakikusudia kuwaua. Savitribai alifika mbio, akajitia katikati na kuwatisha wale watu kwa sheria ya serikali ya Kiingereza: wakiua, watashtakiwa. Umati ukapoa. Wakakubali kuwafukuza wawili hao kijijini badala ya kuwaua, na Savitribai akawapeleka kwa mumewe Pune. Barua yote imeandikwa kwa sauti ya mtu anayeeleza shughuli za wiki.

Ya tatu ni ya mwaka 1877, wakati njaa kubwa ilipoikumba Maharashtra. Aliandika kutoka eneo la Junnar kuhusu mifugo inayoanguka na kufa, ardhi iliyopasuka, watu wanaokula majani na matunda ya porini. Yeye na wenzake wa Satyashodhak Samaj, chama cha "watafuta ukweli" kilichoanzishwa na Jotirao mwaka 1873, walikuwa wakizunguka kukusanya nafaka na kulisha watoto.

Nyumba ya wajawazito

Hapa ndipo mzazi anayesoma anapaswa kupunguza mwendo kidogo.

Katika familia za Kibrahmin, binti aliweza kuozwa akiwa na miaka minane kwa mwanamume wa arobaini. Mume akifa, hata kama binti bado ni kigori, hakuruhusiwa kuolewa tena. Alinyolewa nywele, akavuliwa mapambo, akawekwa jikoni au chumba cha nyuma. Katika hali hiyo aliwindwa na wanaume, mara nyingi ndugu wa nyumba hiyohiyo. Akipata mimba, aibu yote ilikuwa yake. Waliojaribu kuitoa walikufa. Waliojifungua kwa siri waliwaua watoto au kuwatupa.

Kisa kimoja kiliwagusa akina Phule moja kwa moja. Mjane kijana, mpishi katika nyumba ya rafiki yao, alidanganywa na mwanamume, akapata mimba na akajifungua peke yake. Alimuua mtoto na kumtupa kisimani. Mahakama ilimhukumu kifungo cha maisha katika visiwa vya Andaman. Mwanamume hakuguswa.

Mwaka 1863 Jotirao na Savitribai walifungua milango ya nyumba yao kwa wajane wajawazito. Walibandika matangazo mjini, hata karibu na mitaa ya Wabrahmin, wakieleza kwamba mjane yeyote anaweza kuja kujifungua kwa siri na kwa usalama, na akitaka aondoke na mtoto, au amwache hapo alelewe. Katika miaka ishirini hivi iliyofuata wanawake zaidi ya thelathini walikuja. Savitribai ndiye aliyewahudumia: kuwapokea usiku, kusaidia wakati wa uchungu, kuwaosha watoto, kukaa na mama anayelia.

Kwa lugha ya leo mtu angesema alikuwa mwalimu aliyegeuka mkunga na mlezi wa afya ya akili. Ila wakati huo hapakuwa na jina la kazi hiyo, na hakuna aliyemlipa.

Savitribai na Jotirao hawakujaliwa mtoto wa kumzaa. Katika jamii ile, kama ilivyo katika nyingi zetu, lawama ya utasa humwangukia mke kabla hata daktari hajaulizwa. Hawakutengana wala Jotirao hakuongeza mke. Mwaka 1874 mmoja wa wajane waliofika kwao alijifungua mtoto wa kiume, nao wakamchukua mtoto huyo kuwa wao. Wakamwita Yashwant. Kwa hiyo mtoto wa mjane wa Kibrahmin alilelewa na watu wa tabaka la Mali, na hakuna kati ya pande hizo mbili aliyefurahi. Mtoto alikua, akasoma udaktari.

Mwaka 1868 walikuwa tayari wamefanya jingine la kuudhi: waliufungua mtungi wa maji wa nyumbani kwao, yaani kisima cha uani, kwa watu waliokatazwa kuchota kwenye visima vya mji. Yeyote anayejua foleni ya ndoo za maji inavyoamua nani atakuwa na kuhara wiki hii ataelewa kwamba hilo lilikuwa jambo la afya kama lilivyokuwa la haki.

Aliyebeba chungu

Mwaka 1888 Jotirao alipata kiharusi. Upande wa kulia ulipooza. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto na akamaliza kitabu chake cha mwisho hivyo, huku Savitribai akimuuguza. Novemba 28, 1890 alifariki dunia.

Mazishini ukazuka ugomvi. Kwa desturi, anayetangulia mbele ya jeneza akiwa amebeba chungu cha udongo ndiye anayewasha moto wa kuchomea maiti, naye ni mwana wa kiume au ndugu wa kiume. Ndugu wa ukoo walimkataa Yashwant kwa kuwa si wa damu. Wakati wakibishana, Savitribai alikichukua chungu mwenyewe, akatangulia, na akauwasha moto kwa mkono wake. Mwanamke kufanya hivyo katika India ya mwaka 1890 kulikuwa hakujasikika. Baada ya msiba alichukua uongozi wa kazi za Satyashodhak Samaj.

Alikuwa na miaka karibu 60. Wengi wangempa haki ya kupumzika.

Tauni inaingia Pune

Mwaka 1896 tauni iliingia Bombay, mji unaoitwa Mumbai siku hizi. Ilikuwa sehemu ya wimbi kubwa lililotoka China na kusambaa kwa meli. Mwanzoni mwa 1897 ikafika Pune.

Kilichojulikana kuhusu ugonjwa huo kilikuwa kidogo. Miaka mitatu tu kabla, mwaka 1894, Alexandre Yersin alikuwa amegundua bakteria wa tauni huko Hong Kong. Januari 1897 Waldemar Haffkine alijidunga mwenyewe chanjo aliyoitengeneza Bombay, lakini chanjo hiyo ilikuwa bado haijawafikia wengi. Na jambo kubwa zaidi, kwamba tauni hutoka kwa panya kuja kwa binadamu kupitia viroboto, lilikuwa halijathibitishwa. Paul-Louis Simond alilionyesha hilo mjini Karachi mwaka uliofuata, 1898. Kwa maneno mengine, waliowauguza wagonjwa wa Pune hawakujua adui anapitia wapi.

Serikali ya kikoloni ilijibu kwa nguvu. Februari 1897 ilipitisha sheria ya magonjwa ya mlipuko, ile ambayo India iliitumia tena mwaka 2020 wakati wa korona. Katika Pune askari waliingia majumbani kusaka wagonjwa, wakawatoa watu kwa lazima, wakachoma mali. Wanawake walikaguliwa na wanaume wageni. Matokeo yake ni yale ambayo mhudumu yeyote wa afya wa leo angeyabashiri: watu wakaficha wagonjwa. Mama alimfunika mtoto mwenye homa chini ya vyombo kuliko kumtoa kwa askari.

Hospitali ikigeuka kuwa mahali pa kuogopwa, anahitajika mtu anayeaminika. Savitribai alimwita Yashwant, aliyekuwa daktari jeshini, arudi nyumbani. Alichukua likizo, na pamoja wakafungua kituo cha kuwatibu wagonjwa nje kidogo ya mji, upande wa Hadapsar, kwenye hewa safi na mbali na msongamano. Mama alikuwa na miaka 66. Kazi yake ilikuwa kwenda kuwachukua wagonjwa. Aliingia katika mitaa ya watu wa tabaka la chini, ambako wengine hawakutaka kukanyaga hata kabla ya tauni, na akawashawishi wazazi wawatoe watoto wao wapelekwe kwa mwanawe. Walimjua. Baadhi walikuwa wamesoma kwake, wengine walikunywa maji ya kisima chake.

Siku moja alisikia kwamba mtoto wa Babaji Gaikwad, katika makazi ya Wamahar huko Mundhwa, ameshikwa na tauni. Mtoto aliitwa Pandurang. Alikwenda, akamkuta, akambeba mgongoni kutoka kijijini mpaka kwenye kituo.

Akaambukizwa. Machi 10, 1897, saa 3 usiku, Savitribai Phule alifariki dunia. Inasimuliwa kwamba Pandurang alipona.

Yashwant aliendelea na kazi ya udaktari. Miaka michache baadaye, tauni iliporudi, naye akaambukizwa akiwa anawahudumia wagonjwa, akafa.

Ugonjwa huohuo huku kwetu

Tauni iliyomuua Savitribai haikuishia India. Mwaka 1902 ilionekana Nairobi, wakati huo kituo kichanga cha reli, na wakuu wa afya wakaamuru soko la Wahindi lichomwe moto. Nchini Tanzania, kuanzia mwaka 1980 ugonjwa huu ulirudi mara kwa mara katika vijiji vya Lushoto mkoani Tanga, na watoto na wanawake walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi, kwa kuwa ndio wanaoshinda na kulala karibu na ghala za nafaka na sakafu zenye viroboto.

Tofauti na mwaka 1897 ni kwamba leo tauni inatibika. Mgonjwa wa tauni ya matezi asipotibiwa, uwezekano wa kufa ni kati ya asilimia 30 na 60. Akianza dawa za antibayotiki mapema, wengi hupona. Dalili zinazotakiwa kumpeleka mtoto kituo cha afya bila kusubiri ni homa kali ya ghafla, kutetemeka, kichwa kuuma, udhaifu, pamoja na uvimbe wenye maumivu kwenye kinena, kwapa au shingo. Kukohoa damu au kupumua kwa shida ni hatari zaidi, kwa sababu tauni ikiingia kwenye mapafu huambukiza kwa njia ya hewa na huua ndani ya siku chache. Panya wakianza kufa wenyewe kijijini, wasiguswe kwa mikono mitupu. Taarifa ipelekwe kwa ofisa afya. Wanaomhudumia mgonjwa nao hupewa dawa za kinga. Savitribai hakuwa na hata moja kati ya hizo.

Huko India, Januari 3, siku aliyozaliwa, huadhimishwa katika jimbo la Maharashtra kama siku ya mtoto wa kike. Posta ilitoa stempu yake mwaka 1998. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Pune kilibadilishwa jina na kuitwa Chuo Kikuu cha Savitribai Phule Pune. Nyumba ya Bhidewada haikutunzwa hivyo. Kwa miaka mingi ilizeeka katikati ya maduka, kuta zikibomoka, huku kesi kuhusu eneo hilo zikiendelea mahakamani. Desemba 2023 halmashauri ya jiji iliibomoa usiku, ili mahali ilipokuwa darasa la wale wasichana wa kwanza pajengwe ukumbusho wa taifa.